Paka mwenye moyo mnene: jinsi ya kuugundua ugonjwa mapema na kuishi nao

Kabla hata ya vipimo na dawa, jifunze kuhesabu pumzi za paka wako akiwa amelala. Naanza na hilo kwa sababu ndo kipimo pekee ambacho mwenye paka anakuwa nacho mkononi kila siku, hakina gharama, hakimsumbui mnyama, na ugonjwa wenyewe ninaouongelea hapa ni wa kujificha sana, paka anakula vizuri, anaruka juu ya kabati, anakimbiza kamba, kumbe ndani ukuta wa moyo ulishaanza kunenepa zamani.

Ugonjwa unaitwa haipatrofiki kadiomayopathi, wengi wanaandika HCM tu, na ndo ugonjwa wa moyo unaoongoza kwa paka. Ukichukua paka wanaoonekana wazima kabisa ukawapima moyo, kama 1 kati ya 7 anakutwa nao. Usipanike na hiyo namba, wengi wao wanazeeka na kufa na mambo mengine kabisa. Ila kuna utafiti mkubwa uliofuatilia paka 1,008 ambao walikuwa na ugonjwa bila dalili yoyote, na karibu 3 kati ya 10 walikuja kupata maji kwenye mapafu au damu kuganda au vyote viwili. Hao 3 ndo naandika kwa ajili yao.

Kinachotokea ni hivi. Chemba ya chini kushoto, ile inayosukuma damu kwenda mwili mzima, misuli yake inanenepa, na ikinenepa nafasi ya ndani inapungua, alafu misuli yenyewe inakuwa migumu, haiachii vizuri ili damu iingie. Kusukuma inasukuma, shida ni kupokea. Sasa damu inayotoka kwenye mapafu inakuta njia imebana, presha inarudi nyuma, chemba ya juu kushoto inavutika na kupanuka mwaka hadi mwaka. Ikishapanuka sana kuna mambo mawili mabaya: maji yanavuja kwenye mapafu au nje ya mapafu kifuani, na damu inayozubaa mle ndani ya chemba inaweza kuganda kama maji ya mtaro uliosimama yanavoota utando, lile bonge likichomoka linasafiri na mshipa mkubwa mpaka linakwama mahali.

Kwa hiyo ukisikia daktari anahangaika sana na saizi ya hiyo chemba ya juu kuliko unene wa ukuta, yuko sahihi, chemba ndo inayokuambia hatari iko karibu kiasi gani.

Nani awe macho

Wenye paka wa ukoo kama Maine Coon, Ragdoll, Sphynx, British Shorthair, Persian, Bengal, Norwegian Forest na Birman, hawa damu zao zinajulikana kubeba huu ugonjwa. Lakini tafadhali usisome hapo ukasema wangu ni paka wa kawaida hanihusu. Paka wa kawaida wasio na ukoo ndo wengi wanaokutwa nao, kwa sababu ndo wengi duniani. Madume wanapata zaidi kuliko majike na mara nyingi wanaumia wakiwa na umri mdogo zaidi. Umri wenyewe hauna fomula, kuna anayegundulika ana miezi tu na kuna anayegundulika mzee.

Kuhesabu pumzi, taratibu

Subiri paka alale usingizi wa kweli. Sio yule amejikunja anakuangalia kwa jicho moja, na sio anayenguruma ile ya raha, maana akinguruma huwezi kuhesabu kitu. Akiwa anaota, utaona ndevu zinacheza, vidole vinarukaruka, pumzi zinakwenda ovyo, muache kidogo hiyo ipite. Akitulia angalia ubavu wake, pale nyuma ya mbavu za mwisho karibu na kiuno, manyoya yanapanda na kushuka. Kupanda na kushuka kwa pamoja ni pumzi moja, wengi wanakosea hapa wanahesabu mbili alafu wanapiga simu kwa daktari usiku wanalia. Weka taima ya simu sekunde 30, hesabu, zidisha mara 2. Ukiwa na muda hesabu dakika nzima, ni bora zaidi. Kama manyoya ni marefu huoni kitu, muangalie kwa upande mwanga ukiwa nyuma yake, au mchukue vidio ukahesabie kwenye simu taratibu, tena vidio ina faida nyingine manake daktari anaweza kuiangalia na yeye.

Paka mwenye moyo na mapafu mazuri akiwa usingizini anakuwa chini ya 30 kwa dakika, wengi wako kwenye 20 hivi au chini ya hapo. Kama chumba kina joto sana itapanda kidogo, kwa hiyo hesabu wakati kumepoa.

Sasa la muhimu: usihesabu siku moja ukaishia hapo. Hesabu kwa wiki moja au mbili paka akiwa mzima, andika, ili ujue ya kwake ni ngapi. Paka ambaye siku zote ni 18 alafu siku tatu mfululizo anasoma 27, 28, 28, bado yuko chini ya 30 lakini kuna kitu kinatokea, mpigie daktari. Akivuka 30, subiri kama nusu saa uhesabu tena akiwa bado amelala, ikibaki juu ya 30 siku hiyohiyo anaonwa na daktari, sio kesho kutwa. Kwa paka ambaye hajagundulika na kitu, mara moja kwa wiki inatosha. Kwa aliyewahi kujaa maji, kila siku, na unaandika kila siku hata kama namba ni ileile, kwa sababu daktari anapanga dozi kwa kuangalia hiyo orodha.

Nasisitiza hili la pumzi kwa sababu nyingine pia. Mbwa mwenye moyo mbovu mara nyingi anakohoa, paka hakohoi kwa ajili ya moyo, au ni nadra mno. Paka akikohoa fikiria kwanza pumu au kifua. Kwa hiyo ukisubiri kikohozi kikuambie, utasubiri mpaka siku ya dharura.

Dharura inavofanana

Paka anahema mdomo wazi, shingo ameinyoosha, viwiko vya mbele amevitanua hataki kulala chini, tumbo linapiga ndani nje kwa nguvu, fizi zimekuwa za kijivu au bluu. Hapo hamna kuhesabu, unaondoka. Mpigie daktari simu ukiwa njiani ili oksijeni iwe tayari mnapofika. Muweke kwenye boksi lake lenye hewa, funika nusu ili kuwe na giza na utulivu, usimfunge kwenye taulo, usimlaze ubavu, usimpe maji wala chakula wala kidonge mdomoni. Paka aliyeishiwa pumzi ukipambana naye unaweza kummaliza hapohapo mikononi mwako. Na kwa daktari pia usishangae akimuweka kwenye oksijeni na kumchoma sindano ya kutoa maji kwanza kabla ya kupiga eksrei, hiyo ndo njia sahihi, picha inasubiri mpaka atulie.

Dharura ya pili ni ya miguu na hii inatisha kuliko zote. Paka alikuwa sawa, ghafla analia kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia, miguu ya nyuma imelala anaiburuta. Watu wanadhani amegongwa au ameanguka. Shika vidole vyake vya nyuma ulinganishe na vya mbele: vya nyuma ni vya baridi, nyama za nyayo zimepauka au zimekuwa za zambarau wakati za mbele bado ni za pinki, misuli ya paja imekaza. Hilo ni bonge la damu limekwama pale mshipa mkubwa unapogawanyika kwenda miguuni. Saa nyingine linakwenda mguu mmoja tu wa nyuma, au wa mbele. Maumivu yake ni makali mno, kwa hiyo la kwanza kumuomba daktari ni dawa kali ya maumivu. Usikande miguu. Usiweke chupa ya maji ya moto, ngozi isiyo na damu inaungua bila wewe kujua.

Hapa niseme ukweli ambao unauma. Wengi wanaopata hili hawaponi, na kumchoma sindano ya kumpumzisha moja kwa moja ili asiendelee kuteseka ni uamuzi wa huruma, asije mtu akakuambia ulimkatia tamaa mapema. Lakini sio lazima iwe hivo kila mara. Aliyepigwa mguu mmoja, ambaye bado anauchezesha kidogo na joto la mwili halijashuka sana ana nafasi nzuri zaidi, na kuna waliorudi kutembea. Muulize daktari joto la mwili ni ngapi na mapafu yamejaa maji au la, alafu uamue ukiwa na hayo mkononi.

Vipimo, kipi kinajibu nini

Daktari akiweka kipimo cha masikioni kifuani asisikie kelele, usitoke umeshangilia. Paka wengi wenye HCM moyo wao hauna kelele yoyote, na paka wengi wenye kelele hawana ugonjwa. Kelele, mapigo ya kurukaruka, au ule mlio wa tatu kama farasi anakimbia, ni sababu ya kwenda mbele kupima, sio jibu.

Jibu linatoka kwenye eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ifanywe na mtu anayejua mioyo ya paka, maana tunaongelea milimita moja moja. Ukuta ukiwa chini ya 5 mm moyo ukiwa umelegea ni sawa, 6 mm na kuendelea ni mnene, katikati ya hapo ni kuangalia ukubwa wa paka, ukoo wake na kurudia baadae. Haiumi, mara nyingi anashikiliwa tu kwa upole na kunyolewa kipande kidogo cha manyoya. Ukitoka pale usiridhike na neno "moyo mkubwa kidogo". Omba ripoti iliyoandikwa, ndani yake utafute unene wa ukuta kwa mm, saizi ya chemba ya juu kushoto, kama njia ya damu kutoka inazibwa na valvu, na kama wameona moshi unaozunguka ndani ya chemba, huo moshi ni damu inayoanza kushikana na maana yake hatari ya bonge ni kubwa.

Kuna kipimo cha damu kinaitwa NT-proBNP, kinasaidia pale eko haipatikani haraka au paka anahema na haijulikani ni moyo au ni mapafu. Kikiwa juu nenda eko. Kikiwa chini sio kibali cha kudumu, ugonjwa ukiwa mdogo kinaupita. Eksrei inaonyesha maji, haionyeshi ukuta mnene. Na kwa paka mtu mzima wa kuanzia miaka 6, 7 hivi, lazima apimwe presha na homoni ya tezi la shingo kabla hajabandikwa jina la HCM, kwa sababu presha ya juu na tezi iliyozidi nguvu vyote vinanenepesha moyo, na vyenyewe vina dawa zake. Hata paka aliyeishiwa maji mwilini ukuta wake unaweza kusoma mnene siku hiyo.

Ukishajua ana ugonjwa

Tangu 2020 madaktari wengi wa moyo wanatumia ngazi. A ni paka ambaye ukoo wake una hatari lakini moyo bado mzima. B1 ana ugonjwa ila chemba ya juu haijapanuka sana, huyu mara nyingi hapewi dawa, anarudi eko kila mwaka, na mwenye paka inamuuma kukaa bila kumpa kitu, nakuelewa kabisa, ila kumlazimisha paka vidonge visivyomsaidia ni kumpa stresi bure. B2 chemba imepanuka, hapa dawa ya kuzuia damu kuganda inaingia. C ameshajaa maji au ameshapata bonge, na D ni yule ambaye dawa za kawaida zimeanza kushindwa.

Dawa ya kuzuia kuganda inayotumika zaidi ni klopidogreli. Utafiti uliotoka 2015 uliwalinganisha paka waliowahi kupata bonge, waliotumia hii walikaa muda mrefu zaidi bila bonge la pili kuliko waliopewa aspirini. Inatengenezwa ya binadamu ya 75 mg, paka kwa kawaida anaandikiwa robo kwa siku, yaani 18.75 mg, lakini isiwe wewe umejikatia mwenyewe, aandike daktari. Shida yake ni uchungu. Ikigusa ulimi paka anatoa povu zito mdomoni, anakimbia, na kesho yake akikuona tu na kidonge anajificha. Suluhisho ni vile vikapsuli vitupu vidogo vya jelatini: weka robo yako ndani ukiwa na mikono mikavu, futa unga wote uliobaki nje kwa kitambaa, paka siagi kidogo kwenye ncha iteleze, inua kichwa chake kidogo, kidonge kiende nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, alafu hapohapo mpe chakula laini kidogo au maji mililita chache kwa sirinji pembeni ya mdomo. Hiyo hatua ya mwisho usiiruke, kapsuli ikikwama kooni inachoma.

Furosemidi ndo ya kutoa maji. Atakunywa sana na kukojoa sana, ni kawaida, maji yawepo muda wote na ongeza sanduku la mchanga, alafu damu ipimwe siku chache baada ya kuanza au kubadilisha dozi ili kuangalia figo na potasiamu. Pumzi zikipanda tena usiku, daktari mwingi atakuwa ameshakuachia maelekezo ya dozi ya ziada, kama hajakuachia muombe mapema, sio saa nane usiku. Dawa nyingine kama atenololi au pimobendani zinategemea moyo wake unavoonekana kwenye eko, usichukue ya paka wa mwenzio.

Mwaka 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikubali kwa masharti dawa ya sirolimasi ya kumeza mara moja kwa wiki kwa ajili ya paka wenye ukuta mnene ambao hawajaanza kuumwa. Ni hatua kubwa, mpaka hapo hapakuwa na dawa iliyolenga unene wenyewe. Ila haipewi mwenye kisukari wala mwenye ini bovu, na kwa kuwa ni kibali cha masharti bado wanakusanya ushahidi wa inavofanya kazi, kwa hiyo muulize daktari wa moyo, usiagize tu.

Vitu vya kukataa au kuuliza mara mbili: paracetamol hata kipande, inaua paka. Sindano ya steroidi ya kukaa mwilini muda mrefu, dripu, na nusukaputi, vyote hivi vinaweza kumsukuma paka wa B aingie C ndani ya siku chache. Haimaanishi hawezi kufanyiwa meno au kuhasiwa, inamaanisha anayempa nusukaputi ajue kabla kwamba paka ana moyo mnene, achague dawa za kumfaa na dripu iende pole. Andika "HCM" kubwa kwenye kadi yake. Kama anaogopa sana safari, kuna gabapentini, dawa ya kumtuliza, ya kumpa nyumbani kabla ya kutoka, nayo kwa maelekezo.

Chakula hakitibu huu ugonjwa. Kuna watu wanauza taurini kama dawa ya moyo wa paka kwa jumla, lakini taurini inahusika na ugonjwa mwingine, ule wa moyo kulegea na kupanuka, ilijulikana mwaka 1987 kwamba unatokana na upungufu wake. Mpe chakula kamili cha paka, kisicho na chumvi nyingi, na kwa aliyefika C cha msingi ni ale, akikonda misuli inaisha na maisha yanafupika.

Wanaozalisha, na wanaonunua

2005 waligundua hitilafu kwenye jeni ya MYBPC3 kwa Maine Coon, na 2007 nyingine kwenye jeni ileile lakini sehemu tofauti kwa Ragdoll. Kipimo ni cha kufuta shavu kwa pamba, kinafanyika umri wowote. Mtoto anaweza kurithi nakala moja au mbili, mwenye mbili hali yake inakuwa mbaya zaidi na mapema zaidi, na mwenye moja anaweza asiumwe kabisa ila anarithisha nusu ya watoto wake. Kipimo cha Maine Coon hakisemi chochote kwa Persian wala kwa paka wa kawaida, na hata Maine Coon mwenye jibu safi anaweza kupata ugonjwa kwa jeni ambazo hazijajulikana bado. Ndo maana mzazi anahitaji vyote viwili, DNA na eko inayorudiwa kila mwaka muda wote anaozalisha. Mwenye nakala mbili asizalishe. Mwenye moja, kama ni paka bora, apandishwe na aliye safi kisha wabakizwe watoto walio safi, kwa sababu ukiwatoa wote kwa mkupuo ukoo unabanwa na magonjwa mengine ya kurithi yanaibuka.

Ukinunua, omba majibu ya DNA ya baba na mama, na ripoti za eko zenye tarehe ya karibuni na jina la aliyepima. Muuzaji akijibu "daktari alisikiliza moyo, uko sawa", hiyo sio eko.

Na kama paka wako ndo amegundulika, mwandikie aliyekuuzia wiki hiyohiyo, bila ugomvi, wengi hawajui kilichomo kwenye damu ya paka wao. Mtumie picha ya ripoti, tarehe na zile mm zionekane, mwambie umri wa paka alipogundulika, na umuombe awape taarifa waliochukua ndugu zake wa uzao mmoja ili nao wapimwe eko, maana wengine wao sa hivi wako B1 wanakimbiza kamba na hakuna anayehesabu pumzi zao.